Makao ya wazee yanayojua kujaza fomu: tathmini ya matunzo ya mchana na ya usiku

Makao ninayoyatathmini hapa yanapokea wazee ambao hawawezi tena kubaki nyumbani bila muuguzi wa karibu: waliopata kiharusi, walioshikwa na maradhi ya kusahau, waliovunjika nyonga na wasirudi kutembea. Mama yangu mkubwa aliingia humo baada ya kiharusi kilichompooza upande wa kulia na kumwachia maneno machache yanayotoka kwa shida. Tangu wakati huo mimi na ndugu zangu tumekuwa tukipokezana kumtembelea, na kwa makusudi tumekuwa tukibadilisha saa za kufika, kwa kuwa makao ya aina hii huwa na sura moja saa nne asubuhi na nyingine kabisa saa nane usiku. Jina la makao haya sitalitaja, kwa sababu baadhi ya kasoro nitakazozieleza zinawagusa watu ambao hapa hawana nafasi ya kujibu. Hukumu yangu, hata hivyo, naiweka mbele: haya ni makao yanayofanya vizuri jambo lolote lenye fomu ya kujazwa na mtu anayeikagua, na yanalegea pale ambapo fomu haipo, au ipo lakini hakuna anayeisoma.

Nianze na ngozi, maana ndiyo inayoonyesha mapema zaidi iwapo mgonjwa wa kitandani anatunzwa au anahifadhiwa tu. Mtu asiyeweza kujigeuza hukandamiza nyama iliyo kati ya mfupa na godoro. Damu hukosa kupita, na ndani ya saa chache nyama hiyo huanza kufa, wakati mwingine kwa ndani kabla ya ngozi ya juu kuonyesha lolote. Vidonda vya kulalia huanzia kwenye kitokono, visigino, nyonga na vifundo vya miguu. Dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole, ila kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona, hivyo mhudumu hana budi kupapasa na kutafuta joto, ubaridi, ugumu au ulaini usiofanana na ngozi ya pembeni yake. Siku mama mkubwa alipopokelewa, muuguzi alimkagua mwili mzima, kuanzia kisogo hadi katikati ya vidole vya miguu, akaandika kila alama aliyoikuta, kisha akamfanyia kipimo cha Braden cha kukadiria hatari ya vidonda vya kulalia, kilichochapishwa Marekani mwaka 1987 na ambacho alama zake huanzia 6 hadi 23. Mwenye 18 au pungufu huhesabiwa yuko hatarini. Yeye alipata 13. Jioni ile ile aliletewa godoro la hewa linalojaza na kupunguza mifuko yake kwa zamu, mto ukawekwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa kitanda, na ratiba ya kumgeuza kila baada ya saa mbili ikabandikwa ndani ya jalada lake.

Kilichonivutia zaidi ni namna walivyomgeuza. Wahudumu wawili walisimama kila mmoja upande wake, wakamweleza kwanza wanachotaka kufanya, wakasubiri aitikie kwa kichwa, kisha wakatumia shuka laini la kutelezeshea badala ya kumshika makwapa na kumburuta. Kumburuta mzee juu ya shuka kavu huichuna ngozi ambayo kwa umri huo imekuwa nyembamba kama karatasi, na makao mengi yenye majengo ya fahari hushindwa hapo hapo, kwa kuwa kumburuta ni haraka na kunahitaji mtu mmoja tu. Hadi ninapoandika hakuna kidonda kilichofunguka, na kwa mgonjwa aliyepooza, mwembamba, anayevaa nepi sehemu ya siku, hilo silihesabu kuwa bahati. Wapo waliolifanyia kazi, na nimewashukuru mmoja mmoja.

Maji ni habari nyingine. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo hisia ya kiu inavyofifia, hata mwili unapokuwa umekauka kweli kweli, kwa hiyo kumngojea mzee aombe maji ni sawa na kutompa. Mwongozo wa wataalamu wa lishe wa Ulaya unashauri wanawake wazee wapewe vinywaji visivyopungua lita 1.6 kwa siku na wanaume lita 2.0, isipokuwa kama ugonjwa wa moyo au wa figo unadai vinginevyo. Makao haya yana fomu ya vinywaji kwa kila mkazi aliye hatarini, na alasiri moja nilikuta ya mama mkubwa imejazwa kwa mwandiko mzuri: mililita 200 saa nne, 200 saa sita, 200 saa nane. Vikombe viwili kati ya hivyo vitatu vilikuwa bado mezani, vimejaa hadi ukingoni na vifuniko vyake juu, na meza yenyewe ilikuwa upande wa kulia wa kitanda, yaani upande wa mkono usiosogea. Midomo yake ilikuwa imepasuka na ulimi umekauka. Nilipomuuliza mhudumu, hakubabaika wala kujitetea: alipeleka vinywaji kwa saa zake, akaandika alichopeleka, na hakuna aliyewahi kumwagiza arudi kutazama kilichobaki.

Kwa haki yao, muuguzi mkuu wa zamu alilichukulia jambo hilo kwa uzito. Meza ilihamishiwa upande wa kushoto siku hiyo hiyo, kikombe kikabadilishwa na chenye mikono miwili na mdomo mwembamba, na fomu ikaongezewa safu ya kuandika kiasi ambacho mkazi amekunywa hasa, si kile alichopelekewa tu. Badiliko hilo lilienea ghorofa nzima. Hata hivyo najiuliza ni wazee wangapi walioshinda wakitazama vikombe wasivyoweza kuvifikia kabla ndugu wa mmoja wao hajauliza.

Kuhusu kinywa na kula sina mengi ya kulalamikia siku za kazi. Meno ya bandia yanasafishwa usiku na kuhifadhiwa kwenye kikopo chenye jina, na hata wasio na meno wanapanguswa ufizi na ulimi. Jambo hilo ndugu wengi hulidharau, ilhali utafiti uliofanywa katika makao ya wazee nchini Japani na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba wakazi waliosafishwa kinywa baada ya kila mlo walipata nimonia kidogo kuliko wenzao. Baada ya kiharusi kumeza kunakuwa hatari, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa bila hata kikohozi, na hapa wanamkalisha mama mkubwa wima wakati wa kula na kumwacha hivyo kwa muda baada ya mlo. Mwishoni mwa wiki mambo hubadilika: nimemwona mhudumu mmoja akiwalisha wakazi wawili kwa zamu, yeye amesimama, kijiko kinachofuata kikifika mdomoni kabla cha kwanza hakijamezwa. Uzito wanaupima kila mwezi na kutupatia matokeo bila kuombwa. Hilo ni jema, kwa sababu mzee aliyepungua asilimia 5 ya uzito wake ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, anahitaji kuchunguzwa na hapaswi kusemwa tu kwamba umri umemchosha.

Dawa zilinipa picha kamili ya tofauti kati ya zamu mbili za nyumba moja. Mama mkubwa aliingia na aina tisa za vidonge zilizokusanyika kwa miaka kutoka kwa madaktari tofauti, na katika wiki za mwanzo daktari wa makao aliketi nasi, akazipitia moja baada ya nyingine na kuuliza kila moja inatibu nini hivi sasa. Zilibaki sita. Mojawapo ya zilizoondolewa ilikuwa dawa ya usingizi ya aina inayoongeza hatari ya kuanguka na kuchanganyikiwa, ambayo imo katika orodha ya dawa zisizofaa kwa wazee iliyoanzishwa Marekani na daktari Mark Beers mwaka 1991, orodha ambayo toleo lake la kwanza lilitungwa kwa ajili ya wakazi wa makao kama haya. Nilitoka katika kikao kile nikiwa na imani kubwa.

Miezi michache baadaye akaanza kupiga kelele na kuvuta shuka kila jioni. Pendekezo la kwanza lililotufikia, kwa simu kutoka zamu ya usiku, lilikuwa apewe dawa ya kumtuliza ya kundi linalotumika kwa wagonjwa wa akili. Dawa za kundi hilo si za kutolewa kirahisi: mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziandikwe onyo kwamba zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimensia, yaani maradhi ya kusahau. Tuliomba wasubiri hadi asubuhi. Muuguzi wa mchana alifanya kile ambacho kila kitabu cha uuguzi kinaagiza kifanywe kwanza: alitafuta maumivu, alipima mkojo kama kuna maambukizi, alitazama kama masikio yameziba na kama taa au kelele za jioni zimebadilika, kisha akafungua daftari la choo na kukuta kwamba mgonjwa alikuwa hajapata haja kubwa kwa siku kadhaa. Alitibiwa tatizo hilo la kufunga choo, akatulia. Taarifa ilikuwamo kwenye jalada muda wote. Mtu wa kuisoma saa tatu usiku ndiye aliyekosekana.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kasoro kubwa ya makao haya, ambayo ni usiku. Usiku mmoja nilifika saa nane bila kuarifu, kwa kuwa kanuni yao inaruhusu ndugu kuingia saa yoyote, na kanuni hiyo naisifu. Mama mkubwa alikuwa amelala ubavu ule ule alioachwa nao na dada yangu jioni, kengele ya kuita ikiwa imezungushiwa chuma cha nyuma ya kitanda, mahali ambapo hata mimi ilinibidi niinamie ukuta kuifikia. Nilipofungua ratiba ya kumgeuza nikakuta saini ya saa nne, ya saa sita, ya saa nane, na saini ya saa kumi alfajiri, saa ambayo ilikuwa bado haijafika. Fomu yenye pengo ingenieleza tu kwamba watu ni wachache. Fomu iliyojazwa kabla ya wakati inanifanya niitilie shaka kila saini nyingine ya usiku, pamoja na zile za dawa, na inanilazimu kukiri kwamba sehemu ya sifa niliyoitoa juu ya ngozi huenda ni ya lile godoro la hewa.

Sikumkasirikia yule mhudumu. Alikuwa na mwenzake mmoja kwa ghorofa nzima, na kumgeuza mtu mmoja kwa namna niliyoieleza kunahitaji wote wawili. Wakiwa chumbani kwake, hakuna mtu wa kuitikia kengele za vyumba vingine. Piga hesabu ya dakika za kila mkazi anayehitaji kugeuzwa, kubadilishwa nepi na kupelekwa chooni, na utaona kwamba ratiba ile haiwezi kutimizwa na watu wawili hata wakimbie usiku kucha. Uongozi uliobandika ratiba isiyowezekana ndio uliozaa saini za uongo, na lawama yangu naielekeza huko.

Katika kipindi hicho hicho mama mkubwa alianguka. Alitaka kwenda haja ndogo, akapiga kitanda kwa mkono kama alivyozoea, hakuna aliyekuja, akajaribu kushuka mwenyewe. Hakuvunjika, kwa sababu kitanda kilikuwa kimeshushwa hadi chini na kando yake palikuwa na godoro jembamba la sakafuni. Ndugu wengine walitushauri tudai vizuizi vya pembeni ya kitanda, na hapa niwatetee makao: walikataa, na walikuwa na haki. Mzee aliyechanganyikiwa haoni kizuizi kama katazo, anakiona kama ukuta wa kupanda, hivyo huanguka kutoka juu zaidi, na wapo waliobanwa shingo au kifua kati ya chuma na godoro. Marekani iliweka katika sheria yake ya mwaka 1987 haki ya mkazi wa makao ya wazee kutofungwa kwa kamba wala kwa dawa kwa ajili ya kuwarahisishia wahudumu kazi, na fikra hiyo naiona inafuatwa hapa kwa dhati. Tulipigiwa simu asubuhi na mapema, meneja akatukutanisha na muuguzi aliyekuwa zamu, taarifa ya tukio ikasomwa mbele yetu bila kufichwa kitu, na tangu hapo mama mkubwa hupelekwa chooni kabla ya kulala na tena katikati ya usiku. Swali moja tu halikujibiwa kwa namba, licha ya kuliuliza kwa maandishi: ni wahudumu wangapi kwa wakazi wangapi kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi.

Ule mtindo wa kupiga kitanda unastahili aya yake. Mama mkubwa, ambaye maneno hayamtoki, hupiga ukingo wa kitanda mara mbili kwa mkono wa kushoto akitaka choo, na husugua shavu akiwa na maumivu. Mhudumu mmoja wa mchana aligundua hilo ndani ya wiki ya kwanza kwa kumwangalia tu, na kwa siku zake za zamu mama mkubwa alikuwa mkavu, mtulivu na anayecheka. Siku ambazo mhudumu huyo hayupo na nafasi yake inashikwa na mtu wa kibarua, ujuzi huo wote unaondoka naye, na mgonjwa anayepiga kitanda anaandikwa kuwa amesumbua. Tuliandika ishara hizo kwenye kadi, tukaibandika juu ya kitanda. Ikaondolewa kwa hoja ya faragha, hoja ambayo ningeielewa vizuri zaidi kama mlango wa bafu ungekuwa unafungwa mgonjwa anapoogeshwa. Baadaye zimeingizwa katika mpango wake wa matunzo, ukurasa wa pili, ambako mtu wa kibarua wa siku moja hafiki.

Siku hizo hizo za watu wa vibarua ndizo wanazomvalisha nepi tangu asubuhi, ingawa anaweza kukaa chooni akisaidiwa. Ni rahisi kwa mhudumu, lakini mwili hujifunza haraka: mzee asiyepelekwa chooni hupoteza uwezo wa kujizuia, na unyevu unaobaki huharibu ngozi ile ile ambayo mchana imelindwa kwa bidii kubwa. Kwa upande wa heshima ya kawaida, wahudumu wa kudumu hubisha hodi, humwita kwa jina analolipenda, na humwonyesha nguo mbili achague. Uchaguzi mdogo wa namna hiyo una maana: mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walieleza utafiti wao katika makao ya wazee huko Marekani, ambapo wakazi waliohimizwa kujiamulia mambo madogo na kupewa mche wa kuutunza wenyewe walikuwa wachangamfu zaidi ya wenzao waliofanyiwa kila kitu. Shughuli za pamoja, kwa upande mwingine, zipo hasa kwenye ubao. Nimewahi kusoma kwamba mama mkubwa alishiriki mazoezi ya viungo kwa dakika arobaini siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa kando yake, naye alisinzia mbele ya televisheni tangu mwanzo hadi mwisho.

Mazungumzo kuhusu mwisho wa maisha waliyaendesha kwa ustadi nisioutarajia. Hawakungoja hali iwe mbaya. Waliuliza mapema, yeye mwenyewe akiwapo na akijibu kwa kichwa, kama angependa kupelekwa hospitali kwa kila homa au atibiwe hapo hapo panapowezekana, nani aitwe kwanza, na nini kisifanywe kabisa.

Kwa mzee ambaye akili yake ni timamu, anayeweza kubonyeza kengele na kusema anachotaka, na ambaye tatizo lake kubwa ni mwili, ninayapendekeza makao haya bila kusita, kwa kuwa uuguzi wao wa mchana ni wa kiwango cha juu na uongozi wao husikiliza. Kwa mzee anayezunguka usiku, au asiyeweza kuita, sitayapendekeza hadi watakapotoa namba ya wahudumu wa usiku na namba hiyo iwe zaidi ya wawili. Sisi tumemwacha mama mkubwa humo kwa masharti yaliyoandikwa: kengele ya kuguswa kwa kiganja iwekwe upande wa kushoto, ishara zake zisomwe kwa kila mhudumu mgeni mwanzoni mwa zamu, na jalada la usiku tufunguliwe saa yoyote tutakayofika. La kengele limetekelezwa tayari. Hayo mawili tunayafuatilia, na mwezi ujao dada yangu ndiye mwenye zamu ya kwenda usiku.